Nani Anamdhuru Akida?

Mdogo wangu Akida ni fundi wa karasha hapa Geita. Karasha ni yale mapipa makubwa ya chuma yanayozunguka na kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Yakitoboka, wanaitwa watu kama Akida. Wanaingia humo ndani wamejikunja, mashine ya kuchomelea mkononi, na wanakaa saa nne au tano joto likiwachemsha. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa. Mgongo gani utavumilia?

Mimi ni dada yake mkubwa, Swaumu, ingawa wengi wananiita Mama Salmini. Nauza vitenge sokoni. Marehemu baba yetu alitoka Pangani, akakaa Tabora akamwoa mama, kisha akaja huku kuuza kahawa kwa wanunuzi wa dhahabu. Nilikuwa nambebea vikombe, na kwenye meza za wale wanunuzi ndiko nilikoijua dunia. Nimeona mtu mzima na ndevu zake akileta shaba iliyosuguliwa ikang'aa, akaapa kwa jina la Mungu kwamba ni dhahabu. Tangu hapo sijamwamini mtu kwa maneno. Watu husema nina shaka nyingi. Mimi nasema nina macho.

Sasa kuna mke wa Akida. Anaitwa Generoza, Msumbwa wa Ushirombo, kwao ni Wakatoliki wasiokosa misa ya kwanza. Ndoa ilifungwa bomani, na sisi wa upande wa mume tukakaa pale kama wageni. Niseme ukweli, sikumpenda. Hakuwahi kunifanyia ubaya, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Miaka minane mke wa ndugu yako hajakujibu vibaya hata siku moja, anaficha nini? Alikuwa akinipigia goti, "Shikamoo wifi," nami naitika "Marahaba, Mama Raudha," huku namwangalia mikono.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mgongo ulimshika Akida mpaka akashindwa kufunga viatu. Tulimpeleka hospitali watatu: mimi, mkewe, na rafiki yake wa karakana, Bujiku. Tabibu aliyempokea anaitwa Mwigulu, kijana uso laini kama wa mtoto wa sekondari. Nilimshuku papo hapo. Alimpima, akamuuliza kama ana vidonda vya tumbo, kama ana presha, kama kuna dawa nyingine anayotumia. Akida akajibu hapana kwa kila kitu, kama wanavyojibu wanaume wote wanaotaka kurudi kazini.

"Nakuandikia diklofenaki," tabibu akasema. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, ukishakula. Siku saba tu. Usichanganye na dawa nyingine yoyote ya maumivu. Tumbo likianza kukuchoma, acha, uje. Na zikiisha usiende kununua nyingine, rudi hapa kwanza nikuangalie."

Generoza alikuwa akitikisa kichwa kila neno, kama anayekariri. Mimi nilikuwa nahesabu vidonge. Kumi na vinne! Mgongo wa miaka kumi na tisa, vidonge kumi na vinne! Nikajisemea, hawa wanatupunja. Dawa yenyewe wanayo, wanatupa ya kutuzugia ili turudi tena na tena.

Kwenye pochi yangu nilikuwa na dawa za magoti nilizoandikiwa Mwanza na daktari mzee mwenye mvi, mtu wa kuaminika kwa kumtazama tu. Zinaitwa meloksikamu. Zangu za njano, za Akida nyekundu. Rangi mbali, jina mbali, daktari mbali. Kwangu mimi hizo zilikuwa dawa mbili tofauti kabisa, na mbili zinashinda moja. Mimi niliambiwa nimeze kimoja kwa siku. Akida nilimpa viwili, kwa sababu ni mwanaume na ana mwili.

Nilimpa kwa siri. Kila asubuhi nikipita kwake kwenda sokoni tunapeana mkono, na vidonge vinabaki kwenye kiganja chake. "Usimwambie mtu," nilimwambia. "Kuna watu hawapendi kukuona umepona." Hakuniuliza ni watu gani. Nimemlea yule tangu mama alipofariki, na neno langu kwake ni neno la mama.

Mgongo ulipoa. Wiki moja Akida akawa anatembea kifua mbele. Vidonge vya hospitali vikaisha, na badala ya kurudi kwa tabibu akawa ananunua vyekundu vile vile kwenye duka moja la dawa jirani na karakana, ambako hawakumdai cheti. Vyangu navyo viliendelea kumfikia.

Wiki ya tatu akaanza kushika chembe ya moyo. "Panawaka, dada," aliniambia. "Nikila panauma, nisipokula panauma." Akaanza kukonda. Mashavu yakaingia ndani, kola ya shati ikawa inacheza shingoni.

Mgongo umepona, mtu anakonda. Hapo nikajua. Huyu analishwa kitu.

Nikaanza uchunguzi wangu. Jikoni kwa Generoza nilikuta kopo la majani makavu yaliyosagwa, meusi. Nilipouliza akasema ni nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, anayapika na karanga. Mimi nimekaa na Wasukuma miaka yote hii, nsansa naijua. Lakini ya kusagwa hivyo? Halafu kulikuwa na asali, chupa ya soda imezibwa kwa gunzi, baba yake Mzee Alois aliileta mwenyewe kutoka Ushirombo. Chupa isiyo na kizibo cha kiwandani, mtu anaweza kutia humo chochote. Na Akida alikuwa akilamba asali hiyo kila jioni, akisema inampoza tumbo.

Nilichukua ugali na nsansa ile, nikampa kuku wangu mmoja. Kuku akala, akakung'uta mabawa, akaomba nyingine. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nikasema, sumu ya kumuua mtu si lazima imuue kuku.

Nikamwita Generoza mbele ya mumewe, sahani ikiwa mkekani. "Wifi," nikamwambia, "toa uchawi." Mnaijua desturi hiyo. Mwenye kuandaa anaonja kwanza, walaji wanaona, wanakula kwa amani. Hufanywa kwa utani, watu wakicheka. Mimi sikucheka. Generoza alinitazama kidogo, akamega tonge, akachovya, akala. Akaonja na asali. Kisha akanawa, akaenda ndani.

Siku ya pili nikapata jibu la hilo nalo: aliyetengeneza sumu hakosi dawa yake. Ukishataka kumshuku mtu, hakuna analoweza kufanya likamsafisha. Wakati ule sikuwa na habari hiyo.

"Usile tena chakula cha nyumbani," nikamwambia Akida.

"Nile wapi?"

"Nitakuletea mimi jioni. Mchana jikaze."

"Na dawa?"

"Dawa meza. Zile zimefungwa kiwandani kwenye bati lake, nani atatia mkono humo?"

Akawa anaamka, anameza chekundu kimoja na vya njano viwili, anateremshia kahawa chungu ya karakana, basi. Mpaka jioni nikimpelekea wali, hana kitu tumboni. Na tumbo lilipozidi kumchoma akasema mgongo nao umeanza kurudi, akaongeza chekundu cha mchana.

Nikaitisha kikao. Alikuja baba yetu mdogo, Mzee Abdulhalim, kutoka Kahama, ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Nilisema yote: kopo, asali, kukonda. Nikamalizia kwa methali, kikulacho ki nguoni mwako. Akida alikaa ameinamisha kichwa. Nilitaka aseme neno, nikaogopa asije akamtetea mkewe. Hakusema. Mzee Abdulhalim akauliza kama nina ushahidi, nikamwambia ushahidi ni huyu hapa, mtazameni mifupa. Mzee akakuna kidevu. Akaamua kwamba Mama Raudha akapumzike kwao kwa muda, mpaka hali ya mumewe ieleweke.

Generoza hakulia mbele yetu. Alifunga nguo za mtoto, akavaa viatu vya kanisani, akatoka na begi moja. Mlangoni alinigeukia. "Wifi, ukimpa dawa, ahakikishe amekula kwanza. Daktari alisema." Mimi nikamwona ni mnafiki wa hali ya juu. Mtu anafukuzwa kwa sumu, bado anajifanya muuguzi!

Nilihamia kwa Akida siku hiyo hiyo. Nikamwaga nsansa, nikamwaga asali. Nikasafisha vyombo kwa maji ya moto na majivu. Nikapika mwenyewe, nikaonja mwenyewe. Nilingoja anenepe.

Hakunenepa. Siku ya tatu alipanda ngazi mbili za baraza akakaa chini kupumua. Siku ya tano midomo ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyepakwa unga. Nikashikwa na hofu ya aina nyingine, hofu isiyo na mtu wa kuielekeza kwake. Mchawi yuko Ushirombo, kilomita zote zile, na mgonjwa anazidi. Nikajitahidi kufikiri kwamba sumu inachelewa kutoka mwilini. Moyoni hata mimi sikuiamini vizuri hoja hiyo.

Siku ya saba, mchana, Bujiku alikuja sokoni mbio. "Mama Salmini, njoo. Fundi ameanguka ndani ya karasha. Ametapika, na matapishi yake, gete kweli, si mazuri."

"Yakoje?"

"Kama machicha ya kahawa."

Tukamkuta wamemlaza kwenye bajaji. Mkono wake ulikuwa baridi na una jasho. Nililia njia nzima, na sioni aibu kusema.

Hospitali tukakutana na yule yule Mwigulu. "Mpime sumu, daktari," nikamwambia kabla hata ya salamu. "Tena upime vizuri."

Alimfunua Akida kope, akamshika mshipa, akamfunga kipimo cha presha mkononi, akasoma akakunja uso. Akamuuliza choo chake kikoje.

Akida alinitazama, akageuza uso ukutani. "Cheusi," akanong'ona. "Kama lami. Siku sita sasa."

Siku sita! Nami nilikuwa nalala nyumba moja naye. Lakini mwanaume atamwambiaje dada yake habari za choo? Angemwambia mkewe, na mkewe nilimwondoa mimi.

"Dawa zote anazotumia ziko wapi?" tabibu akauliza. Bujiku akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli ya Akida, akatoa bati la vyekundu, nusu limeliwa, na kipande cha karatasi chenye vidonge viwili vya njano.

"Hivi vya njano nani kampa?"

"Mke wake," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Wiki zote zile jibu la kila swali lilikuwa ni yeye, ulimi ukazoea njia.

"Mpigie simu," tabibu akasema. "Sasa hivi. Nataka kujua ni dawa gani, anameza vingapi kwa siku, tangu lini. Huyu anavuja damu tumboni, sina muda wa kubahatisha."

Nikatoa simu. Nikamtazama Akida. Alikuwa amefungua macho, ananitazama, na alijua kila kitu, na hakusema kitu. Alikuwa tayari kufa na siri yangu kwa sababu nilimwambia asimwambie mtu. Kisha akafumba macho. Hakuna alichowahi kunifanyia mtu duniani kilichoniuma kama yale macho kufumbwa.

"Ni mimi," nikasema. Nikafungua pochi, nikaweka boksi la meloksikamu juu ya meza. "Viwili kila siku. Wiki sita."

"Pamoja na hivi vyekundu?"

"Pamoja."

"Akiwa amekula?"

"Nilimkataza kula."

Tabibu aliinua kichwa. "Kwa nini?"

"Niliogopa sumu."

Akaandika, akampa muuguzi maelekezo. Dripu ikaanza, dawa ya mshipa ya kutuliza asidi, damu ikaagizwa. Ndipo aliporudi kwangu. Nilitaka anifokee, ingekuwa nafuu. Akasema kwa upole: "Mama, hizi zako na hizi nilizompa ni ukoo mmoja. Jina tofauti, kazi ile ile, madhara yale yale. Ukizichanganya maumivu hayaponi mara mbili, tumbo ndilo linachubuka mara mbili. Ndiyo maana nilimwandikia siku saba, nikasema ale kwanza, nikasema asichanganye. Na dawa iliyoandikwa kwa magoti yako ni ya magoti yako. Umri wako, figo zako, presha yako, huyo daktari wa Mwanza aliviangalia. Vya huyu hakuviona."

"Nilidhani mnatupunja," nikasema. Lilikuwa jibu la kijinga lakini ndilo la kweli.

Bujiku alitoa damu, na mimi nikatoa. Hata mfuko wa damu nilisoma jina lake mara tatu kabla haujatundikwa, muuguzi akaniangalia vibaya. Tabia haiondoki kwa siku moja. Baadaye Akida alipelekwa Mwanza, wakamwingiza kamera tumboni, wakakuta vidonda viwili, kimoja bado kinatoka damu. Wakakitibu. Wakamwambia dawa za ukoo ule asizimeze tena bila daktari kujua habari za vidonda vyake, na mgongo wakampangia mazoezi na dawa ya aina nyingine. Alikaa siku tisa. Alirudi mwembamba, lakini midomo ina rangi.

Nilimpigia simu Mzee Abdulhalim nikamweleza, sikuficha hata lile la "mke wake". Nilidhani atanituliza. Akasema, "Basi nenda ukamchukue wewe. Tulimtoa kwa kinywa chako, atarudi kwa kinywa chako." Akakata simu.

Nilikwenda Ushirombo siku ya Jumatatu. Nilibeba sukari, mchele, doti mbili za vitenge vizuri kabisa dukani kwangu, na gauni la Raudha. Mzee Alois alinipokea uani, akanivutia kiti, akauliza hali ya mkwewe. Nikamwambia anaendelea vizuri. "Tumshukuru Mungu," akasema, akatuacha. Huyu ndiye mzee niliyemmwagia asali yake.

Generoza alikuwa ameketi juu ya mkeka anapukuchua mahindi. "Shikamoo wifi," akasema. Safari hii hakupiga goti, na sikuwa na haki ya kuliona. Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nikamwambia yote, kuanzia pochi mpaka meza ya tabibu. Nikamwambia nisamehe. Mahindi yalikuwa yanadondoka kwenye ungo, hakuacha kupukuchua mpaka nilipomaliza.

"Nilikuwa nakuona," akasema.

"Ukiniona nini?"

"Ukimpa vidonge. Kila asubuhi mkipeana mikono. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia la jikoni." Akaweka gunzi chini. "Siku ya kwanza nilitaka kuuliza, maana daktari alisema asichanganye. Halafu nikajiambia, Generoza, acha. Huyu ni dada yake, ndiye aliyemlea. Hawezi kumpa kitu kibaya. Nikakuamini, wifi. Laiti ningekushuku japo siku moja, kama ulivyonishuku mimi siku zote zile, mume wangu asingetapika damu."

Nilikuja nimejiandaa kutukanwa, na tusi ningelipokea. Hilo la kuaminiwa sikujiandaa nalo. Nililia pale mkekani mbele ya mtoto, na Generoza hakunibembeleza wala hakunifukuza.

Baadaye akainuka, akajikung'uta kanga. "Nitarudi," akasema. "Sirudi kwa ajili ya kikao chenu, namrudia Akida. Lakini dawa zake nazishika mimi, na kila kitakachoingia kinywani mwake nitauliza kimetoka wapi. Hata kikitoka kwako."

"Uulize," nikamwambia.

"Na wewe ukija kumsalimia," akasema, akausogeza mfuko wangu wa zawadi taratibu mpaka ukanigusa goti, "njoo mikono mitupu."

Kwetu mtu haendi kwa ndugu yake mgonjwa bila kitu mkononi. Ni aibu, na majirani wanaona. Mwaka sasa unakaribia kwisha, na kila Ijumaa napita pale kabla ya sokoni. Nikifika mlangoni namwonyesha Generoza viganja vyangu, vyote viwili, naye anavitazama, kisha ananikaribisha ndani.